Maswali ya Wasomaji: Kulala Nyikani Kwenye Theluji, Bafu Likiwa Karibu

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Kanada, na karibu zote zinahusu jambo moja: kupiga kambi ya theluji bila kwenda mbali na huduma. Tumezijibu kwa pamoja kwa sababu majibu yake yanategemeana.

Tuko wanne, Watanzania na Wakongo, tunaishi Toronto. Kambi za kiangazi tumeshazizoea. Februari tunataka kulala nyikani kwenye theluji, ila tusiwe mbali na choo na maji ya bomba, maana wawili kati yetu hawajawahi kulala nje kwenye baridi. Twende wapi, na tujipangeje? (Msomaji, Toronto)

Nendeni Algonquin, hifadhi ya mkoa wa Ontario. Barabara Kuu ya 60 inakatiza hifadhi hiyo kwa kilomita 56 hivi, na uwanja wa kambi wa Mew Lake, kwenye kilomita ya 30.6 ukihesabu kutoka lango la magharibi, hubaki wazi majira ya baridi. Una jengo la vyoo na bafu linalopashwa joto, maji yanayotiririka, viwanja vyenye umeme, na yurti (mahema makubwa ya mviringo ya kukodi) zenye hita na vitanda vya watu sita. Kilomita moja tu kutoka hapo inaanza njia ya Highland, ambayo ni ya wabeba mizigo wanaolala porini. Kwa hiyo nyika na bafu vinakaa jirani, na ndicho mnachotafuta.

Ila tuelewane mapema kuhusu maana ya ukaribu huo. Watu wengi wakisikia kuna bafu lenye joto hupunguza vifaa: begi jepesi zaidi, chakula kidogo, jiko moja badala ya mawili. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu saa nane za usiku, gizani, kilomita mbili kwenye theluji si karibu hata kidogo. Fungasheni kama vile bafu halipo, kisha litumieni kwa mambo matatu: kuchota maji, kukausha vitu, na kurudi endapo mambo yatakataa.

Ijumaa, fikeni kabla ya saa nane mchana. Katikati ya Februari jua huzama kama saa kumi na moja na nusu jioni, na kusimamisha kambi ya theluji kwa mara ya kwanza huchukua saa tatu nzima. Usiku wa kwanza laleni kwenye hema ndani ya uwanja wa kambi, gari likiwa pembeni. Huo ndio mtihani. Kama mfuko wa mtu hautoshi au jiko linagoma, mtajua mkiwa hatua mia moja kutoka bafuni. Jumamosi asubuhi ndipo mwingie porini kwa usiku wa pili.

Yurti, mkiipata, kodini kwa siku zote mbili hata kama hamtalala humo. Ni gharama, tunajua, lakini bila yurti, kurudi maana yake ni kuketi garini au kusimama bafuni mpaka kuche. Mkiwa nayo, mna chumba chenye joto kinachowasubiri. Wekeni nafasi mapema sana. Usiku wa porini una kibali chake tofauti; mnapokichukua, ulizeni mnaruhusiwa kupiga hema umbali gani kutoka njiani na kutoka ukingo wa ziwa, kwa sababu masharti ya baridi si yale ya kiangazi.

Umbali sasa. Mkivuta sleji kwenye theluji ambayo haijakanyagwa, na mmevaa viatu vya theluji (vile vipana vinavyofungwa chini ya buti ili usizame), mtakwenda kilomita moja kwa saa, pengine moja na nusu. Kurudi kwa njia hiyo hiyo, ikiwa imeshashindiliwa na nyayo zenu, ni kilomita tatu kwa saa. Hema likiwa kilomita mbili kutoka bafuni, mtatumia karibu saa mbili kwenda na dakika 40 kurudi. Kwa kikundi chenye wageni wawili, hapo ndipo mwisho tungewaruhusu. Mkienda, fungeni vipande vya utepe unaong'aa kwenye matawi kila baada ya hatua 30, upande unaoonekana mtu akiwa *anarudi*, kisha mviondoe Jumapili. Theluji ya saa mbili tu inafuta nyayo zote.

Msikatize ziwa ili kufupisha njia. Barafu ngumu yenye rangi ya samawati inahitaji unene wa sentimita 15 kumbeba mtu anayetembea. Ile nyeupe, iliyochanganyika na theluji, nguvu yake ni nusu ya hiyo. Mahali mto unapoingia au kutoka ziwani, barafu huwa nyembamba hata Februari.

Mkifika, msisimamishe hema papo hapo. Kanyageni eneo la mita nne kwa tatu kwa viatu vya theluji, mizunguko miwili, halafu kwa buti, kisha liacheni lipumzike dakika 30 mpaka 45. Theluji iliyokanyagwa hujishika yenyewe ikawa kama sakafu. Mkiharakisha, goti la kwanza mtakaloweka ndani ya hema litachimba shimo, shimo hilo litaganda usiku, na mtu atalala juu yake mpaka asubuhi. Vigingi vya kawaida havishiki. Chukueni kijiti kikavu kilichoanguka, cha sentimita 30, kizungusheni kamba ya hema bila kuifunga fundo kijitini, kizikeni kikiwa kimelala sentimita 30 chini, shindilieni theluji juu. Asubuhi kijiti kitakuwa kimeganda kama kimemiminiwa zege, lakini kamba, kwa kuwa haikufungwa, mtaivuta upande mmoja itoke.

Kisha wekeni kikao cha saa tisa alasiri. Kila mtu aulizwe, na jibu la yeyote liheshimiwe: una kitu kilicholowa kisichoweza kukauka? Kuna kidole au sikio lenye ganzi ambalo halijarudi baada ya nusu saa? Majiko yote mawili yanawaka? Unatetemeka hata baada ya chai ya moto? Jibu moja baya linatosha kufunga safari na kurudi mwanga ukingalipo. Ikibidi kurudi usiku, hema liacheni limesimama. Bebeni mifuko ya kulalia, taa, maji na funguo za gari. Funguo ziwe jozi mbili kwa watu wawili tofauti. Na mtu aliyeko Toronto awe na karatasi inayosema mko wapi na mtampigia lini, maana simu porini si ya kutegemea.

Nimenunua mfuko wa kulalia ulioandikwa −20. Utabiri unasema usiku utakuwa −20. Natosheka? (Dada msomaji, Ottawa)

Hapana, dada, na kosa si lako. Mifuko inayopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537 huwa na namba tatu: ya kulala kwa raha, ya mpaka, na ya hatari. Namba kubwa iliyoandikwa nje mara nyingi ni ile ya mpaka, inayopimwa kwa mwanamume aliyejikunja. Ya raha, ambayo ndiyo hupimwa kwa mwanamke, huwa juu zaidi kwa nyuzi kadhaa. Angalia lebo ya ndani. Tafuta mfuko ambao namba yake ya *raha* iko nyuzi 5 chini ya utabiri. Kama bei inauma, ingiza mfuko wako wa kiangazi ndani ya huu, mradi wa nje uwe na nafasi ya kutosha. Ukibanwa, manyoya hayafumuki na joto halikai.

Cha chini yako ni muhimu kuliko cha juu yako, na hapa watu wengi hukosea. Theluji iliyo chini yako hunyonya joto usiku kucha. Magodoro ya kambi hupimwa kwa namba ya R, inayoonyesha yanavyozuia joto lisipotee, na kwenye theluji unahitaji jumla ya 6 au zaidi. Uzuri wake ni kwamba namba hizo hujumlishwa: mkeka wa povu wenye R 2 chini, godoro la kujaza hewa lenye R 4.5 juu, una 6.5. Mkeka wa povu una faida nyingine pia. Godoro la hewa likitoboka saa tisa za usiku, angalau hujalala juu ya theluji.

Usivute pumzi ndani ya mfuko. Kila mtu hufanya hivyo pua ikianza kuuma, na kila pumzi inaacha unyevu kwenye manyoya. Usiku wa pili mfuko ni mzito na hauna joto. Funika pua kwa skafu ya sufu, acha mdomo nje. Fungua tundu la juu la hema hata kama nafsi inakataa, la sivyo pumzi zenu zitaganda darini na kuwamwagikia asubuhi mkigusa kitambaa.

Mwaka jana jiko letu la gesi ya kopo lilizimika lenyewe kwenye baridi ingawa kopo lilikuwa na gesi. Kwa nini? Na tunaweza kupika ndani ya hema, au hata kuingiza jiko dogo la mkaa kwa dakika chache tupate joto? (Msomaji, Montréal)

Tuanze na swali la mwisho, kwa sababu ndilo linaloua. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, ndani ya yurti, wala ndani ya gari. Si kwa dakika chache, si likiwa limebaki makaa tu. Makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kwa wingi. Gesi hiyo haina harufu, na dalili zake za kwanza, kichwa kuuma na usingizi mzito, zinafanana kabisa na uchovu wa safari. Wengi wetu tumekulia nyumba ambazo jiko la mkaa huingizwa ndani usiku wa baridi, na madirisha yenye mianya yamewaokoa watu bila wao kujua. Hema lenye theluji pembeni halina mianya hiyo. Hata jiko la gesi litumike nje, nyuma ya ukuta wa theluji mliouchimba kwa beleshi kufikia kiuno.

Kuhusu kopo lililogoma: ndani yake kuna gesi iliyogeuzwa kimiminika, na ili itoke lazima ichemke. Butani huchemka kwenye nyuzi −0.5, kwa hiyo chini ya hapo imelala tu koponi. Isobutani hufika karibu −12, propani −42. Kopo lenye mchanganyiko huanza vizuri kwa sababu propani inatoka kwanza. Ikiisha, kinachobaki ni butani isiyotaka kupanda. Ndiyo maana mlisikia kopo likicheza maji ndani huku moto umekufa. Kwa −20, chukua jiko la nafta (mafuta mepesi ya majiko ya kambi), lile la kupampu, ambalo shinikizo lake unalitengeneza mwenyewe kwa mkono. Liwashe nyumbani mara tatu nne kabla ya safari. Ringi za pampu hukauka. Zipake mafuta na ubebe za akiba. Jiko liwekwe juu ya kipande cha ubao, vinginevyo litayeyusha theluji chini yake na kupinduka na sufuria. Na usimwage nafta mkononi: inakuwa na baridi ile ile ya hewa lakini haigandi, na inageuka mvuke upesi ikinyonya joto la ngozi. Inaweza kuharibu kidole mara moja.

Tutumie maji ya theluji au tubebe ya bomba? (Msomaji yuleyule)

Ya bomba, kwa sababu ya mafuta. Kuyeyusha kilo moja ya theluji yenye −15 hadi iwe maji baridi tu kunakula nishati karibu sawa na kuyachemsha maji hayo kutoka hapo. Yaani nusu ya mafuta yako inaishia kwenye kuyeyusha. Mkiyeyusha theluji kwa kila kitu, hesabuni mililita 150 mpaka 200 za nafta kwa mtu kwa siku; mkibeba maji, nusu yake hivi. Bado bebeni kiasi cha kuyeyusha, kwa dharura.

Jazeni madumu mawili ya lita 10 bafuni, lita 9 tu kila moja kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Wekeni ndani ya lile kasha la plastiki la kubebea soda za pikiniki. Linalozuia joto lisiingie linazuia pia lisitoke. Dumu likae kichwa chini: barafu huanzia juu, kwa hiyo mfuniko utabaki na maji. Mkilazimika kuyeyusha theluji, wekeni kwanza vidole viwili vya maji sufuriani. Theluji kavu kwenye sufuria yenye moto huungua na kutoa maji yenye ladha ya masizi.

Vitabu vinasema ukiona ngozi imekuwa nyekundu kisha nyeupe, ni dalili ya kuungua kwa baridi. Sisi wenye ngozi nyeusi tutaonaje? Na Vaseline inasaidia? (Mama wa vijana wawili, Winnipeg)

Mama, hili swali lingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa kila kitabu cha kambi za baridi. Uchunguzi wa majeshi ya Marekani na Uingereza umeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao walio kwenye mazingira yale yale. Si suala la uvivu wala uzoefu. Mishipa ya vidole hufunga haraka zaidi na huchelewa kufunguka. Kwa hiyo mwenzako mzungu akisema "mbona mimi sijasikia kitu", jibu lake halikuhusu wewe.

Msisubiri wekundu. Kwenye ngozi nyeusi, sehemu inayoanza kuganda hugeuka kijivu, kama iliyopauka kwa kukosa mafuta, na mwanga wa taa ya kichwani huificha. Tumieni mguso. Vueni glavu sekunde chache, bonyezeni shavu, ncha ya pua, sikio: likiwa gumu kama ngozi ya kiatu, au mtoto asiposikia mnapombonyeza, rudini ndani. Fanyeni hivyo kila nusu saa upepo ukivuma, wawili wawili, kila mtu akimkagua mwenzake. Upepo wa kilomita 30 kwa saa kwenye −20 unaifanya ngozi ipoteze joto kama iko kwenye −33.

Msisugue kamwe, wala kwa theluji wala kwa mkono. Kidole kilichopoa tu kiwekwe kwapani. Kilichoganda hasa, kipashwe kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, na kiwe kinapelekwa hospitali, kwa sharti moja: kisipashwe kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani. Kuganda mara ya pili huongeza sana hatari ya kukatwa.

Vaseline haizuii baridi. Inamfanya mtu ahisi ngozi ina joto wakati haina, akachelewa kujifunika. Funika kwa kitambaa. Vueni hereni na vipini vya chuma. Na kuhusu nywele: vijana wenye misuko au rasta wasioshe nywele bafuni jioni hata kama maji ya moto yanawaita. Misuko hushika maji kwa saa nyingi, na kwenye −20 yanaganda kichwani. Nunueni kofia ya sufu kubwa kuliko kawaida, inayoshuka mpaka chini ya masikio juu ya misuko.

Bafu lenyewe lina mtego mwingine. Mtu akiingia na theluji kwenye suruali na buti, inayeyuka, anatoka amelowa, na hatua hamsini nje nguo zimekuwa mbao. Jikung'ute mlangoni kwa ufagio mdogo kabla ya kuingia. Ndani, tandaza soksi na vitambaa vya ndani vya buti mpaka vikauke kabisa, ndipo utoke.

Dubu? (Msomaji, Hamilton)

Dubu weusi wa huko Februari wamelala. Wezi wenu watakuwa marten, mnyama wa jamii ya kicheche mwenye koo la rangi ya chungwa, na ndege wa kijivu asiyeogopa watu. Chakula kikae kwenye chombo chenye mfuniko wa kufunga.

Nilikuwa mpagazi Kilimanjaro miaka sita kabla ya kuhamia Kanada. Nguo zangu za Kibo bado ninazo. Zinatosha? Na nipike nini, maana chakula cha paketi sikiwezi. (Kaka msomaji, Kitchener)

Nguo za kutembea, ndiyo. Kinachobadilika ni kwamba usiku wa kuelekea Uhuru mwili unapanda mlima saa sita au saba na unajitengenezea joto, halafu jua la ikweta linakuja. Algonquin katikati ya Februari usiku una zaidi ya saa 13, na sehemu kubwa yake umekaa au umelala. Ongeza koti nene la manyoya la kukaa kambini, kubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya kila kitu, na buti zenye soksi ya ndani inayotoka, ambayo utailaza ndani ya mfuko wako usiku. Fulana za pamba ziache nyumbani, na kanga pia; pamba ikilowa jasho haikauki. Ukianza kusikia joto unapovuta sleji, vua tabaka moja kabla jasho halijatoka.

Chakula, kaka, una bahati: chetu kinafaa. Hesabu kalori 4,000 kwa siku, na sehemu kubwa itoke kwenye mafuta. Pika pilau na maharage ya nazi nyumbani, gandisha kwenye mifuko ya plastiki yenye kufungwa, ikiwa bapa kama daftari. Porini unatumbukiza mfuko kwenye maji ya moto na sufuria inabaki safi. Ugali uache. Kusugua sufuria ya ugali kwenye −20 kutakugharimu maji ya lita mbili na vidole. Chapati zipakwe samli na zikunjwe moja moja, na ile ya asubuhi ilale nawe ndani ya mfuko, pamoja na chupa ya maji ya moto. Mandazi yaliyoachwa nje hayatafunwi. Chai ya tangawizi yenye maziwa na sukari ijazwe kwenye chupa mbili za chai jioni, moja ya kunywea kabla ya kulala, nyingine isifunguliwe mpaka mtu aamke anatetemeka.